Safari ya Mikokoni kwa Kayaki Angavu: Anachopaswa Kujua Mtumiaji Kabla ya Kulipa

Katika miaka ya hivi karibuni mwambao wa Afrika Mashariki umepokea chombo kipya cha matembezi: kayaki iliyoundwa kwa plastiki angavu, ambayo abiria wake huyaona maji na vilivyomo ndani yake chini ya miguu yake. Matangazo yake huvutia macho. Picha hupigwa kutoka juu, maji ni ya samawati, na chombo huonekana kana kwamba kinaelea hewani. Familia iliyojiwekea akiba kwa ajili ya likizo ya Desemba huiona picha hiyo kwenye simu, hutuma malipo ya awali siku hiyo hiyo, kisha hungoja siku ya safari kwa hamu.

Wengi hurudi wameridhika. Wako pia wanaorudi na uchungu, na malalamiko ya safari za aina hii huwa na sura moja: maji yalikuwa ya rangi ya chai na hapakuonekana kitu; chombo kilikwama kwenye tope; jaketi za kujiokolea za watoto hazikuwapo; ada mpya zilizuka ufuoni; na aliyelalamika aliambiwa kwamba amekwisha kutia sahihi fomu, hivyo hana la kudai.

Makala haya yanaeleza jambo moja ambalo matangazo mengi huliacha. Anayelipia safari hii hanunui plastiki angavu. Hununua saa ya maji na ujuzi wa kiongozi. Chombo kikiwa kipya namna gani, kikitiwa majini saa isiyofaa, au kikiongozwa na mtu asiyeijua hori, fedha hupotea na pengine maisha huwekwa hatarini. Tumeitumia hori ya Mida, karibu na Watamu katika Kaunti ya Kilifi, kuwa mfano wetu wa mara kwa mara, kwa kuwa inajulikana na wageni na wenyeji. Matembezi ya majini hapo hufanywa pia kwa mitumbwi ya kawaida, na karibu yote tunayoyasema yanaihusu mitumbwi hiyo vilevile.

Kwa nini maji ya mikokoni si maji ya kwenye picha

Kenya ina takriban hekta 61,000 za misitu ya mikoko, na karibu thuluthi mbili za misitu hiyo ziko Lamu. Aina za miti hiyo nchini ni 9. Anayeingia horini atakutana mara nyingi na mkoko wenyewe, ambao husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Na mchu, ambao hutoa vijiti vingi vilivyosimama wima kutoka kwenye tope ili mizizi ipate kupumua. Ataona pia mlilana, ambao hupenda kukaa upande wa mbele unaoelekea maji, na mkandaa, ambao maganda yake yalitumiwa tangu zamani kutengenezea ngozi na kutia rangi.

Mizizi ya miti hii hupunguza kasi ya maji. Maji yakitulia, udongo laini ulioletwa na mito na bahari hutua na kuwa tope. Majani yanayoanguka huoza humo na kuyapa maji rangi ya kahawia. Katika mchanganyiko huo samaki wachanga, kamba na kaa hupata chakula na maficho. Kwa hiyo wingi wa uhai na ukungu wa maji ni matokeo ya jambo moja. Mtumiaji hana budi kulielewa hili kabla ya kulipa: maji yasiyo angavu ndani ya msitu wa mikoko ni dalili ya msitu ulio hai. Kosa ni la tangazo lililoahidi kinyume chake.

Je, chombo angavu kina faida gani basi? Kina faida yake mahali pake. Karibu na mlango wa hori, na katika mikondo yenye mchanga na nyasi za baharini, maji huweza kuwa safi kiasi cha mtu kuona chini, kukiwa na samaki wadogo, nyota za bahari na konokono. Ukiingia ndani zaidi, mambo ya kutazamwa yako kando na juu yako. Kaa wa kiume mwenye gando moja kubwa huwaita majike kwa kulipunga. Samaki wadogo hutoka majini na kurukaruka kwenye tope. Chaza hujishika kwenye mizizi, yangeyange husimama kimya akivizia, na mdiria hujitupa majini kama jiwe. Haya yote huonekana sawasawa kutoka kwenye mtumbwi wa mbao. Kwa hiyo, ukiambiwa kuwa kayaki angavu ni ghali zaidi, uliza: ni sehemu gani ya njia itakayopita juu ya maji safi, na kwa muda gani?

Saa ya maji

Katika mwambao wetu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kutoka siku moja hadi nyingine. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu huwa na bamvua: maji hujaa sana, hupwa sana, na mkondo huwa na nguvu. Katika bamvua tofauti kati ya maji makuu na maji madogo inaweza kuzidi mita 3. Siku za katikati, mwezi ukiwa nusu, huwa na maji mafu: tofauti ni ndogo na mkondo ni mpole.

Wavuvi wanajua jambo jingine ambalo mgeni hulipuuza. Katika mwambao wa Mombasa na Kilifi, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa mnamo saa nne asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na maji makuu hufika mnamo saa nne hadi saa sita mchana. Ndani ya hori saa hizi huchelewa kidogo, kwa kuwa maji huchukua muda kupita mlangoni na kusambaa.

Manufaa ya elimu hii kwa mtumiaji ni makubwa. Ukiuziwa safari ya saa nne asubuhi siku ya mwezi mpevu, umeuziwa tope. Chombo kitaburutwa, mizizi ya kupumulia itakanyagwa, na chaza watakwangua plastiki na miguu. Safari hiyo hiyo ikipangwa saa tisa na nusu alasiri, maji yatakuwa yakiingia na njia za ndani zitafunguka.

Shabaha yako nayo ina saa yake. Anayetaka kutazama chini kupitia plastiki afadhali achague siku za maji mafu, kwa kuwa mkondo mpole hautimui tope sana, na maji makuu huja wakati jua liko juu na mwanga unashuka hadi chini. Upungufu wake ni kwamba maji hayo huenda yasifike ndani kabisa mwa msitu. Anayetaka kupita chini ya matawi, katikati ya miti, achague alasiri ya bamvua. Anayetaka ndege wa ufuoni achague saa ambazo maji yanaondoka au yanaanza kurudi, kwa kuwa ndege hao hulisha kwenye matope yaliyo wazi. Mida hujulikana kwa ndege mweusi kwa mweupe mwenye mdomo mzito ambaye chakula chake ni kaa. Huja kutoka kaskazini na kukaa nasi hasa katika miezi ya kaskazi. Msimu huo pia makundi ya keremkerem wekundu hulala mikokoni. Masika, mvua zinapomwaga udongo baharini, si wakati wa kutarajia maji safi.

Majedwali ya kujaa na kupwa kwa maji huchapishwa na Halmashauri ya Bandari ya Kenya, na mvuvi yeyote wa hapo anaweza kukueleza hali ya siku unayoitaka. Muuzaji wa safari asiyeweza kukuambia maji yatajaa saa ngapi siku ya safari yako hajajiandaa kukuuzia chochote.

Kiongozi

Kiongozi mwema wa mikokoni kwa kawaida amekulia hapo au amefanya kazi hapo kwa miaka. Anajua mkondo upi hukauka kwanza, upepo hugeuka saa ngapi, na mahali ambapo maji yanayotoka huvuta kwa nguvu kuelekea bahari kuu. Hatari hii ya mwisho si ndogo. Maji yote yaliyotandaa ndani ya hori kubwa hulazimika kutoka kupitia mlango mwembamba, na mpiga kafi asiyezoea hawezi kushindana nayo. Kwa sababu hiyo tunashauri safari ipangwe ili kurudi kwenu kusipingane na mkondo, na watoto wasipelekwe karibu na mlango wa hori maji yanapotoka.

Uliza kiongozi mmoja atasimamia vyombo vingapi. Uliza kama ana mafunzo ya huduma ya kwanza na uokoaji majini, na kama atakuwa kwenye chombo chake mwenyewe pamoja nanyi au atabaki ufuoni. Kiongozi anayebaki ufuoni si kiongozi. Ni mkodishaji wa chombo, na bei yake haina budi kulingana na hilo. Biashara za utalii nchini husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Kuomba kuiona leseni si utovu wa adabu. Mwenye leseni huionyesha kwa fahari.

Chombo na usalama wa abiria

Kayaki angavu nyingi huundwa kwa polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kwa urahisi lakini inayopata mikwaruzo. Kikague chombo kabla ya kulipa salio. Plastiki iliyojaa mikwaruzo au iliyogeuka manjano haionyeshi kitu hata juu ya maji safi. Tazama pia mambo haya:

Kwanza, vyombo vingi vya aina hii viko wazi juu kama mtumbwi, na hujaa maji vikipinduka. Mifuko ya hewa ndiyo inayovizuia kuzama. Hakikisha ipo ndani ya chombo, imejazwa, na imefungwa imara.

Pili, kila chombo kina kikomo cha uzito kilichowekwa na mtengenezaji. Uliza ni kilo ngapi, na ujumlishe uzito wa abiria wote pamoja na mizigo. Mzazi asikubali kuambiwa kwamba mtoto wa tatu atakaa katikati ikiwa chombo kimeundwa kwa watu wawili.

Tatu, jaketi la kujiokolea ni la kuvaliwa tangu ufuoni hadi ufuoni, hata na anayejua kuogelea, na hata katika maji ya kiunoni. Tope la mikokoni hushika miguu, na mtu aliyenasa hana nafasi ya kuogelea. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto. Humtoka kichwani anapoanguka majini. Jaribu hivi: mvalishe, funga vifungo vyote, kisha mwinue kwa kuyashika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, halimfai.

Nne, ndani ya plastiki angavu jua hukupata kutoka juu na mwako wake kutoka kwenye maji. Beba maji ya kunywa, kofia na nguo ya mikono mirefu. Vaa viatu vyenye soli ngumu, kwa kuwa magamba ya chaza hukata kama wembe. Mwenye dawa za kila siku azibebe katika mfuko usioingiza maji na amfahamishe kiongozi hali yake mapema.

Tano, kiongozi awe na filimbi na simu iliyohifadhiwa isilowe, na ajue ni hospitali gani iliyo karibu. Nambari za dharura nchini ni 999 na 112. Upepo ukivuma kwa nguvu au radi ikisikika, safari iahirishwe. Usimshurutishe kiongozi kuingia majini kwa sababu umekwisha kulipa.

Wasiopenda maji wasidhani wamenyimwa mikoko. Mida ina njia ya mbao iliyoning'inizwa katikati ya miti hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege, na mapato yake huchangia karo za wanafunzi wa shule za sekondari wa eneo hilo. Gazi, katika Kaunti ya Kwale, wanawake wa kijiji huendesha njia yao ya mbao mikokoni. Gharama ni nafuu, na mzee au mtoto mdogo hutembea pasipo hofu ya kupinduka.

Bei na vilivyomo ndani yake

Bei isiyofafanuliwa ndiyo chanzo cha magomvi mengi. Kabla ya kutuma arubuni, pata kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, majibu ya mambo haya: muda wa kukaa majini, mbali na muda wa usafiri na maelezo, idadi ya watu katika kila chombo, bei ya mtoto, na kama ada ya kuingia hifadhini imejumuishwa. Eneo la Watamu lilitengwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1968, na hori ya Mida ni sehemu yake. Ada za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hutofautiana kwa raia, mkazi na mgeni, na hulipwa kwa njia rasmi ya kielektroniki yenye risiti. Anayekutaka umkabidhi fedha za ada hiyo mkononi bila risiti anakuingiza katika mashaka.

Picha ya kutoka juu, ile iliyokuvutia tangu mwanzo, hupigwa kwa droni. Uliza kama imo katika bei, utapewa picha ngapi, na lini. Kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani zinamtaka mwenye droni awe na usajili na idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya. Ndege waliotua mikokoni hutishwa na mvumo wa droni, na kundi likishapaa huenda lisirudi siku hiyo. Picha moja ya aina hiyo huweza kuwanyima wageni wote waliobaki kile walichokilipia.

Lipa kupitia nambari ya biashara iliyosajiliwa kwa jina la kampuni au kikundi, wala si nambari ya mtu binafsi. Uufute ujumbe wa malipo baada ya safari kumalizika salama, si kabla. Afuaye asiye na risiti hutegemea kumbukumbu ya watu, na kumbukumbu ya watu hubadilika kulingana na maslahi yao.

Pata pia masharti ya kuahirisha. Hali ya bahari si kosa la mtu. Lakini mwenye biashara anajua majedwali ya maji, na mteja hajui. Kwa hiyo sharti la haki ni hili: safari ikivunjwa kwa sababu ya upepo au radi, mteja achague siku nyingine au arudishiwe fedha, ikiharibika kwa sababu saa ya maji ilipangwa vibaya, hasara ni ya aliyeipanga.

Fomu ya ufuoni na haki zako

Katika safari nyingi hutolewa fomu dakika za mwisho, watu wakiwa wamekwisha kuvaa jaketi. Fomu hiyo huwa na sehemu mbili zilizochanganywa. Sehemu ya kwanza hukuarifu hatari na kukuuliza hali ya afya yako. Hii ni halali na ina manufaa, na unapaswa kuijaza kwa ukweli. Sehemu ya pili husema kwamba mwenye biashara hatawajibika kwa lolote litakalotokea. Watu wengi huamini kwamba wakishatia sahihi hapo, haki zao zimekwisha. Sivyo.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha. Haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili anufaike kikamilifu. Haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi. Na haki ya kufidiwa kwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro za bidhaa au huduma. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha, na haki inazozitoa haziondolewi na makubaliano wala na fomu ya kuziachilia. Maelezo ya kupotosha si maneno tu. Picha ya maji ya samawati iliyopigwa mahali pengine, ikitumiwa kuuzia safari ya ndani ya mikoko, inaweza kuwa maelezo ya kupotosha.

Sheria haimwondolei mtumiaji wajibu wake. Aliyekataa kuvaa jaketi, aliyeficha ugonjwa wake, au aliyesimama ndani ya chombo baada ya kuonywa hawezi kuutupa mzigo wote kwa kiongozi.

Adabu za mikokoni

Mtumiaji ni mgeni wa viumbe walio na shughuli zao. Usimguse mnyama, usimlishe, wala usimwondoe mahali pake ili apigwe picha. Usichukue makombe wala nyota za bahari. Ndege wakianza kunyoosha shingo na kusogea, mmekaribia kupita kiasi, rudini nyuma. Usishike wala kuvunja matawi kwa kujivuta, na usishuke kwenye tope lenye vijiti vya kupumulia. Kiongozi anayemkamata kaa ili kuwafurahisha watoto anaharibu bidhaa anayoiuza kesho.

Tunalitaja hili katika kijitabu cha haki za mtumiaji kwa sababu ya faida ya wote. Mikoko huwalisha wavuvi, huzuia mawimbi yasile ufuo, na huhifadhi kaboni nyingi katika tope lake. Huko Gazi, tangu mwaka 2013, wanakijiji wamekuwa wakiuza hifadhi hiyo ya kaboni kupitia mradi wa Mikoko Pamoja na kutumia mapato kwa maji na shule. Fedha yako ina uwezo wa kuchagua. Ukimlipa anayelinda hori, unanunua pia safari ya wanao.

Mambo yakienda kombo

Sema papo hapo, kwa upole na kwa uwazi, ili mwenye biashara apate nafasi ya kurekebisha. Chukua picha za chombo, za jaketi na za hali ya maji, na uandike saa. Siku hiyo hiyo au kesho yake, peleka lalamiko kwa maandishi ukieleza ulichoahidiwa, ulichopata, na unachokitaka: kurudishiwa fedha zote, sehemu yake, au safari nyingine. Mpe muda wa kujibu unaotajwa kwa tarehe.

Asipojibu, zipo njia. Lalamiko kuhusu leseni au mwenendo wa biashara ya utalii hupelekwa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Lalamiko kuhusu tangazo la uongo au la kupotosha hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Chombo kisicho salama majini kiripotiwe kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, hata kama wewe hukupata madhara, kwa kuwa atakayekipanda kesho hajui uliyoyaona. Dai la fedha lisilozidi shilingi 1,000,000 linaweza kufikishwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu hujiwakilisha mwenyewe bila wakili, na kesi hutakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutuma arubuni

1. Siku ya safari yetu maji yatajaa saa ngapi, na tutaingia majini saa ngapi?
2. Ni sehemu gani ya njia yenye maji safi ya kuonea chini, na tutakaa hapo kwa muda gani?
3. Kiongozi ataandamana nasi majini? Anasimamia vyombo vingapi?
4. Naomba kuiona leseni ya biashara.
5. Kikomo cha uzito cha chombo ni kilo ngapi? Kina mifuko ya hewa?
6. Mna jaketi za watoto wa umri na uzito huu?
7. Bei inajumuisha ada ya hifadhi, usafiri na picha?
8. Safari ikivunjwa, fedha zitarudishwa kwa utaratibu gani?
9. Naweza kutumiwa fomu ya sahihi leo, niisome nyumbani?

Maswali haya hayachukui dakika 10. Majibu yake yakiwa wazi, lipa kwa moyo mkunjufu, na mlipe kiongozi anachostahili. Ujuzi wake umemgharimu miaka. Majibu yakiwa ya kuzungukazunguka, au ukiambiwa kwamba nafasi zitakwisha usipolipa sasa hivi, zuia fedha yako. Bahari itajaa tena kesho, dakika 50 baadaye kuliko leo.